Kabla ya kutaja majina ya 2030: namna ya kumpima mtia nia wa urais ndani ya CCM

Orodha za watakaogombea urais wa Tanzania kupitia chama tawala, CCM, mwaka 2030 zimeanza kuzunguka mapema, na sababu yake inaeleweka. Rais Samia Suluhu Hassan aliapishwa Machi 19, 2021 baada ya kifo cha John Magufuli, muhula ukiwa umebakiza zaidi ya miaka minne. Ibara ya 40(4) ya Katiba inasema Makamu wa Rais anayerithi kiti kikiwa kimebakiza miaka mitatu au zaidi anaruhusiwa kugombea mara moja tu, na mara hiyo ilishatumika 2025. Kwa hiyo 2030 kiti kitakuwa wazi, na chama kitarudi kwenye mchujo wa kweli kwa mara ya kwanza tangu Julai 2015.

Tatizo la orodha hizi ni vipimo vyake. Wanaoziandika wanahesabu umaarufu, ukubwa wa cheo, fedha na watu wanaojaa viwanjani. Vipimo hivyo vinafaa uchaguzi mkuu. Ndani ya CCM jina la mgombea linapita katika vyumba kadhaa, kila chumba kina wapiga kura wake na utaratibu wake wa kupiga kura, na mtu anaweza kuwa jabali katika chumba kimoja na asiwe lolote katika kinachofuata. Mtia nia apimwe chumba kwa chumba. Ukimpima kwa jumla utakosea, kama walivyokosea wachambuzi wengi wa 2015.

Utaratibu wenyewe si siri. Mtia nia anachukua fomu makao makuu Dodoma, anatafuta wadhamini mikoani, anarudisha fomu. Sekretarieti na Kamati ya Usalama na Maadili wanaandaa taarifa juu ya kila jina. Kamati Kuu inapendekeza majina yasiyozidi matano. Halmashauri Kuu ya Taifa, yaani NEC, inayapigia kura na kubakiza matatu. Mkutano Mkuu wa Taifa unachagua mmoja, ambaye lazima apate zaidi ya nusu ya kura. Asipopatikana, wawili wa juu wanarudiwa.

Hatua ya fomu haichuji mtu yeyote mwenye nia ya kweli. Mwaka 2015 fomu ilikuwa shilingi milioni moja na wadhamini waliotakiwa ni 450, thelathini kwa kila mkoa katika mikoa 15, mitatu kati yake ikiwa ya Zanzibar. Muda ulikuwa Juni 3 hadi Julai 2. Waliochukua fomu ni 42, waliorudisha 38. Ugumu wake ni wa safari na gharama, na mtu ambaye hana hata watu 30 wa kumpokea Pemba, Rukwa au Mara anajulikana mapema. Basi, hapo ndipo umuhimu wake unapoishia.

Edward Lowassa, Waziri Mkuu mstaafu, aliichukulia hatua hii kama kura yenyewe. Alitangaza nia Mei 30, 2015 mbele ya umati uliojaa uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, kisha akazunguka nchi akikusanya wadhamini kwa mamia ya maelfu pale ambapo kanuni ilitaka 450. Hesabu ya kambi yake ilikuwa kwamba vikao havitathubutu kumkata mtu mwenye watu wengi kiasi hicho. Lakini fomu haina sehemu ya kuandika wadhamini wa ziada, na waliokaa Kamati Kuu hawakuhitaji hata mmoja wao. Tena umati ule ulifanya kazi nyingine ambayo kambi haikuitarajia: uliwaonyesha wakubwa wa chama kwamba akipenya huyu, hawatakuwa na la kumwambia. Mtia nia anayeonyesha nguvu zote mwanzoni anawapa waamuzi muda wa kujipanga.

Chumba kinachoua majina ni Kamati Kuu, na kinaua kabla mtu yeyote hajapiga kura ya siri. Kazi yake hapo ni kupunguza. Swali linaloulizwa ni nani ana jambo la kumkatia jina, wala si nani anapendwa zaidi. Mwaka 2015 majina 38 yakawa matano: Bernard Membe, January Makamba, Asha-Rose Migiro, Amina Salum Ali na John Magufuli. Tazama waliobaki nje. Makamu wa Rais aliyekuwa madarakani, Mohamed Gharib Bilal. Waziri Mkuu aliyekuwa madarakani, Mizengo Pinda. Mawaziri wakuu wastaafu wawili, Lowassa na Frederick Sumaye. Spika mstaafu Samuel Sitta, Jaji Mkuu mstaafu Augustino Ramadhani, na mawaziri wengi wenye majina.

Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walitoka na kuwaambia waandishi wa habari usiku uleule kwamba hawakubaliani na uamuzi, kwa maelezo kwamba kikao hakikuletewa majina yote ya walioomba. Lalamiko lao ndilo lenye somo kubwa kwa anayefanya uchambuzi. Kama majina yanafika mezani yakiwa yamekwishachambuliwa, basi taarifa ya maadili ina uzito kuliko mjadala wenyewe, na anayesimamia uandaaji wa taarifa hiyo, yaani uongozi wa juu wa chama chini ya mwenyekiti, ndiye mpiga kura wa kwanza. Mwaka 1995 mwenyekiti alikuwa Ali Hassan Mwinyi, na juu yake Mwalimu Nyerere aliyekuwa na sauti kuliko cheo chochote. Mwaka 2005 alikuwa Benjamin Mkapa, 2015 Jakaya Kikwete. Anayetaka kujua hatima ya mtia nia aanze na uhusiano wake na mwenyekiti anayeondoka. Na hapa tuelewane: si lazima awe chaguo la mwenyekiti. Inatosha mwenyekiti asiwe na sababu ya kumwogopa.

Taarifa ya maadili huandikwa miaka kabla ya fomu. Februari 2014 chama kiliwapa onyo kali makada sita kwa kuanza kampeni kabla ya wakati: Lowassa, Sumaye, Membe, Stephen Wasira, January Makamba na William Ngeleja. Walizuiwa kujihusisha na mbio hizo kwa miezi 12. Baadaye walifunguliwa, na wote isipokuwa wachache wa kuhesabika walichukuliwa kwenye vyombo vya habari kama ndio mbio zenyewe. Lakini angalia matokeo. Kati ya sita hao, wanne hawakuingia tano bora. Wawili walioingia, Membe na January, ndio walioshika mkia NEC. Tatu bora yote, Magufuli, Migiro na Amina, ilitoka nje ya orodha ya walioonywa. Sisemi onyo lenyewe liliwaangusha. Kuanza mapema kuliwatengenezea maadui waliojulikana, na katika mchujo wa kupunguza, adui mmoja mwenye kiti ana thamani kuliko marafiki kumi wasio nacho.

Kuna jambo jingine ambalo orodha za sasa zinalisahau, nalo ni rekodi ya viti vikubwa. Tangu mfumo wa vyama vingi urudi, hakuna Waziri Mkuu aliyekuwa madarakani aliyeteuliwa na CCM kugombea urais. Cleopa Msuya alifika tatu bora 1995 akawa wa tatu. Sumaye alifika tano bora 2005 akaishia hapo. Pinda hakufika hata tano bora. Makamu wa Rais naye hajawahi kushinda mchujo wa wazi. Bilal alikatwa, na Samia alikuwa amekwishakuwa Rais chama kilipompitisha. Ndiyo maana ninapoona Makamu wa Rais Nchimbi na Waziri Mkuu Mwigulu Nchemba wakiwekwa juu kabisa kwa sababu tu ya viti walivyokalia, naona kipimo kimekosewa. Huenda mmoja wao akapita, lakini kikimpitisha kitakuwa kitu kingine.

Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Waziri Mkuu ndiye anayejibu bungeni, ndiye anayetumwa kusimamisha watumishi, kubomoa, kukataza, kutatua migogoro ya wakulima na wafugaji. Kila uamuzi unamwachia watu wawili watatu wenye kinyongo, na baada ya miaka mitano wamekuwa wengi. Pia mawaziri wenzake, ambao nao wana nia, wanamwona kama mtu wa kuzuiwa. Waliopita walitoka pembeni kidogo: Mkapa akiwa Waziri wa Sayansi, Teknolojia na Elimu ya Juu, Kikwete Mambo ya Nje, Magufuli Ujenzi. Wizara ya Ujenzi hasa ina faida ambayo haizungumzwi sana. Barabara inafika kila mkoa, mbunge wa kila jimbo anaihitaji, na waziri wake anaweza kuzunguka nchi nzima bila mtu kusema anafanya kampeni.

Sasa tuingie NEC, maana hapa ndipo hesabu inapopendeza na ndipo wengi wanapoisoma vibaya.

Kikao cha Julai 2015 kilianza kwa wajumbe wengi kuimba kwamba wana imani na Lowassa, mwenyekiti akiwa mbele yao. Jina la Lowassa halikuwepo tena mezani. Wajumbe wale wakabaki na kura zao na hasira zao, na kila mmoja alitakiwa kuchagua majina matatu kati ya matano. Matokeo: Magufuli 290, Amina 284, Migiro 280, January 124, Membe 120. Jumlisha utapata 1,098. Gawa kwa tatu: karatasi 366.

Chukua kalamu hapo. Magufuli alikuwa katika karatasi 79 kati ya kila 100, Amina karibu 78, Migiro zaidi ya 76. Tofauti kati ya wa kwanza na wa tatu ni kura kumi. Majina matatu hayakaribiani hivyo kwa bahati. Yanakaribiana pale ambapo watu wengi wameandika majina matatu yaleyale. Na pengo kati ya wa tatu na wa nne ni kura 156. Maana yake, sehemu kubwa ya ukumbi haikuwa ikipima sifa za mtu mmoja mmoja. Ilikuwa ikikwepa majina mawili. Membe, aliyekuwa akitajwa kama mtu wa karibu na mwenyekiti, alikuwa mpinzani wa muda mrefu wa kambi ya Lowassa, na kambi iliyonyang'anywa mtu wake ilibaki na uwezo mmoja tu, wa kuhakikisha mpinzani wake naye hapiti. January alikuwa kijana, na waliokuwa na umri mkubwa zaidi waliona kwamba akipita huyo, zamu yao imekwisha.

Kanuni ya majina matatu kwa karatasi moja inampendelea mtu asiye na kambi. Mwenye kambi anapata kura za kambi yake na kukosa za wengine wote. Asiye na kambi anaandikwa na kila upande kama jina la pili au la tatu, kwa kuwa hamdhuru mtu. Ukitaka kumpima mtia nia kwa ajili ya NEC, usiulize ana wajumbe wangapi. Uliza ni kambi ngapi zinaweza kumwandika nafasi ya pili bila kujiumiza.

Ukifika Mkutano Mkuu kanuni inageuka, kura ni moja na jina moja. Saa chache baadaye, kwa wajumbe zaidi ya 2,400, Magufuli akapata 2,104, sawa na asilimia 87.1, Amina 253, Migiro 59. Linganisha na NEC. Wajumbe wa NEC ni wajumbe wa Mkutano Mkuu pia. Migiro aliandikwa na wajumbe 280 wa NEC. Mkutano Mkuu mzima ukampa 59. Hata kama kura zote hizo 59 zilitoka kwa watu wa NEC, bado wajumbe 221 waliomwandika kwenye karatasi ya majina matatu hawakumchagua walipotakiwa kutaja mmoja. Na huyu ni mwanamke aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kwa miaka mitano na Waziri wa Katiba na Sheria. Hakukosa sifa. Alikuwa jina la pili la watu wengi na jina la kwanza la wachache sana. Amina alihimili vizuri zaidi kwa kuwa alikuwa na jina la kwanza la watu fulani, Wazanzibari waliotaka mtu wao, ingawa hawakutosha.

Kwa hiyo mtia nia anahitaji vitu viwili visivyokaa pamoja kirahisi: awe hachukizi ili apite NEC, halafu awe na jambo lake la kumfanya mtu amwandike peke yake. Magufuli alikuwa na la pili. Sifa ya uchapakazi ilijulikana hadi kwa katibu wa wilaya asiyewahi kukutana naye, na alitoka Kanda ya Ziwa, yenye wapiga kura wengi, ambako chama cha upinzani cha CHADEMA kilikuwa kimechukua majimbo ya Nyamagana na Ilemela mwaka 2010. Muda kati ya matokeo ya NEC na kura ya Mkutano Mkuu haukutosha kufanya kampeni. Wajumbe walikwenda na kile walichokuwa wanakijua tayari.

Mwaka 1995 unaonyesha jinsi duru ya pili inavyoweza kupindua meza. Duru ya kwanza: Kikwete 534, Mkapa 459, Msuya 336. Hakuna aliyepata nusu. Duru ya pili: Mkapa 686, Kikwete 639. Mkapa aliongeza 227, Kikwete 105. Katika kila kura tatu za Msuya zilizohama, mbili zilikwenda kwa Mkapa. Tofauti ya mwisho ilikuwa 47, maana yake wajumbe 24 tu wangebadili upande, Kikwete angekuwa mgombea akiwa na miaka 44. Waliomwunga mkono Msuya walitaka mtu mzima mwenye uzoefu wa serikali, na Mwalimu hakuficha kwamba alikuwa upande wa Mkapa. Aliyeongoza duru ya kwanza alikuwa na wafuasi wengi zaidi, lakini karibu wote walikuwa wamekwishampigia. Hakuwa na akiba.

Kikwete na wenzake walijifunza. Miaka kumi iliyofuata walijenga kile kilichoitwa mtandao, wilaya kwa wilaya, na mwaka 2005 hawakuhitaji duru ya pili. Waombaji walikuwa 11. Kamati Kuu ilimkata John Malecela, makamu mwenyekiti wa chama wakati ule. Tatu bora ikawa Kikwete, Salim Ahmed Salim na Mark Mwandosya, na katika ukumbi wa Chimwaga, Dodoma, Mei 4 matokeo yakawa 1,072, 476 na 122. Asilimia 64 duru ya kwanza. Salim alikuwa amewahi kuwa Waziri Mkuu na aliongoza OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kwa miaka 12, lakini alikuwa ameishi Addis Ababa muda mrefu wakati wenzake wakikaa na wenyeviti wa wilaya, na alipakwa matope juu ya asili yake kwa namna ambayo bado ni aibu kwa chama.

Mwaka huo wa 2005 unapingana na niliyoyasema juu, na sitaki kuuficha. Mwenye kambi kubwa alipita milango yote. Tofauti na 2015 iko sehemu moja: mwenyekiti wa 2005 hakumzuia mwenye mtandao, wa 2015 alimzuia. Lowassa alikuwa mmoja wa wajenzi wa mtandao ule, na alirudia njia iliyompa rafiki yake ushindi bila kuuliza kama mlango wa Kamati Kuu ungekuwa wazi kwake, yeye aliyejiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sakata la zabuni ya umeme ya Richmond. Mtandao unashinda Mkutano Mkuu. Haukupeleki huko.

Sasa hesabu za 2030 zitakuwa tofauti, kwa sababu ambayo wanaorejea 2015 kama mfano hawaitaji. Mabadiliko ya katiba ya chama ya 2017 yalipunguza wajumbe wa NEC kutoka 388 hadi 158 na wa Kamati Kuu kutoka 34 hadi 24. Wajumbe wa NEC waliochaguliwa wilayani wakaondoka, wakabaki wa mikoa. Mkutano Mkuu nao umeshuka hadi chini ya watu 2,000. Tulishaona NEC ndogo ikifanya kazi Julai 2020 ilipomchagua mgombea wa Zanzibar: Hussein Mwinyi 129, Khalid Salum Mohamed 19, Shamsi Vuai Nahodha 16. Kura 164, asilimia 78.7 kwa mtu mmoja.

Katika chumba cha watu 366 uasi una mahali pa kujificha. Katika chumba cha watu 160, ambamo wengi wao wameteuliwa au wanaingia kwa nyadhifa zao, kila mjumbe anajulikana, na mkoa mmoja ukigeuka mwenyekiti anajua ni nani. Nguvu ya uongozi wa juu imeongezeka. Pia bei ya kumshawishi mjumbe imepungua, na hilo linanitia wasiwasi zaidi: mtu mwenye fedha hahitaji tena kuzunguka wilaya zote, anahitaji mikoa. Takukuru, taasisi ya kupambana na rushwa, ikisubiri 2030 kuanza kuangalia, itakuwa imechelewa miaka mitatu.

Suala la Muungano linaweza kusemwa kwa kifupi. Ibara ya 47 inataka Rais na Makamu watoke pande mbili tofauti, na baada ya Rais kutoka Zanzibar msukumo wa kumtaka mtu wa Bara utakuwa mkubwa. Salim na Amina wote waliishia nafasi ya pili. Anayetoka Zanzibar mwenye nia ya kweli atapimwa zaidi kama mgombea mwenza, nafasi ambayo haina fomu wala wadhamini. Samia aliipata Julai 2015 mara baada ya Magufuli kushinda. Wajumbe wa Zanzibar kwa hiyo wana mtaji wa kupeleka kwa mtu wa Bara, na mtia nia asiyejua nani anauongoza mtaji huo anajidanganya. Wazanzibari wenyewe wanafahamu vyumba vinavyotofautiana: mwaka 2000 Bilal aliongoza katika Kamati Maalum ya NEC Zanzibar, na NEC ikamteua Amani Abeid Karume.

Kipimo ambacho vikao hukiacha hadi siku ya mwisho ni gharama ya anayekatwa. Lowassa alihamia CHADEMA Julai 28, 2015, siku 16 tu baada ya uteuzi, na Oktoba akapata kura 6,072,848, asilimia 39.97, dhidi ya 8,882,935 za Magufuli, asilimia 58.46. Sumaye alimfuata. Membe alifukuzwa uanachama Februari 2020 akagombea kupitia ACT-Wazalendo. Kukata ni haki ya chama, lakini kukata bila maelezo yanayoweza kusimama mbele ya wanachama kunamtengenezea mgombea wenu mpinzani. Na 2030 gharama hiyo itakuwa nzito kuliko wakati wowote. Anayeteuliwa na watu chini ya 2,000 atakwenda kuomba kura katika nchi iliyozika watu wake baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025. Mtia nia ambaye hawezi kuzungumza na familia zile hafai, hata akipita vyumba vyote vinne.

Mwaka wa kuangalia ni 2027. Chama kinafanya uchaguzi wake wa ndani kila miaka mitano, na ule wa 2027 ndio utakaowaweka wenyeviti wa wilaya na mikoa, wajumbe wa NEC na wajumbe wa Mkutano Mkuu watakaopiga kura 2030. Mwenye nia ya kweli hatagombea yeye peke yake. Atakuwa na watu wake katika kila mkoa, na majina yao yatajulikana kwa katibu wa mkoa kabla ya kujulikana kwa magazeti. Oktoba 2012 Sumaye alishindwa na Mary Nagu kugombea ujumbe wa NEC wilayani kwake Hanang. Waziri Mkuu wa miaka kumi, nyumbani kwake. Aliyeliona hilo hakuhitaji kusubiri Julai 2015.

Jambo jingine la kuangalia ni ratiba. Januari 19, 2025 Mkutano Mkuu maalumu ulimpitisha mgombea wa urais kwa azimio, miezi mingi kabla ya wakati uliozoeleka wa fomu, na makada waliohoji utaratibu huo hadharani, akiwemo Humphrey Polepole, aliyewahi kuwa Katibu wa Itikadi na Uenezi wa chama, walijikuta nje ya mkondo. Ilikuwa rahisi kuutetea kwa sababu Rais aliyepo kwa desturi haachiwi mpinzani. Desturi hiyo haimgusi mgombea mpya. Kalenda ya 2030 ikitoka na siku 30 za fomu na wadhamini, mchujo upo. Ikitoka bila siku hizo, majina yote yanayozunguka sasa yatakuwa yamepimwa bure, kwa kuwa mpiga kura atakuwa mmoja.